Tangazo la Mke Aliyepotea

Sitaki mtu aniambie nilipigwa na jua. Nimeshaambiwa. Nimeambiwa pia kwamba nilikuwa na njaa, kwamba nilisinzia kwenye usukani, na shemeji yangu mmoja akasema wanawake wa hali yangu huona vitu. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Njaa sikuwa nayo, nilikuwa nimekula ugali na sato muda si mrefu. Na sikusinzia, kwa sababu mikono yangu yote miwili ilikuwa ndani ya amplifaya. Kilichotokea kilitokea mchana kweupe, jua likichoma mawe, na mama mtu mzima akianika dagaa karibu yangu. Kama huamini, acha hapa hapa ukaendelee na shughuli zako. Anayebaki asinikatize.

Mimi naendesha gari la matangazo. Lile linalopita mtaani kwenu asubuhi ukiwa bado kitandani, ukalitukana. Basi ndiye mimi. Natangaza mkutano wa injili, chanjo ya watoto, mechi ya mpira wa ndondo, msiba, mtoto aliyepotea sokoni. Naishi Buzuruga, lakini kazi inanifikisha Kisesa, Buhongwa, na huko kwenye mialo ya ziwani ambako wavuvi wanashushia samaki.

Gari ni la mume wangu. Hata kazi ilikuwa yake. Anaitwa Owino, Mjaluo wa Rorya, mwenye sauti ambayo akitangaza msiba wa mtu usiyemjua unatamani kwenda kulia. Siku moja alipanda mtumbwi wa injini kwenda visiwani kutengeneza spika za kanisa fulani, na mtumbwi haukufika. Hakuvaa boya. Naomba usimame hapo kidogo, maana hapo ndipo hasira yangu inapokaa. Boya lilikuwepo! Waliookolewa walisema alikuwa amelikalia, kwa sababu ubao wa mtumbwi ulikuwa unamuumiza. Mwanaume mzima, ameacha mke na mtoto mchanga nyumbani, anapewa boya, anafanya mto wa kukalia.

Mwili haukupatikana. Walitafuta mpaka wakachoka, kisha wakaanza kuniambia tumalize msiba. Nikakataa. Sikuweka turubai, sikukaa chini na wanawake, sikuvaa nguo nyeusi. Mama mkwe alinipigia simu kutoka Rorya akilia, nikamwambia, "Mama, nionyeshe mwili tulie wote. Bila mwili mimi sina msiba." Watu walisema nina roho ngumu. Roho ngumu gani? Nilikuwa namsubiri arudi nimtukane. Nilikuwa nimeshayapanga maneno, kuanzia la kwanza mpaka la mwisho.

Sasa lazima nikueleze ugonjwa wa ile amplifaya, maana bila huo hakuna kisa. Ni ya zamani, ya magari ya enzi hizo, nzito kama jiwe la kusagia. Vumbi la barabara na unyevu wa ziwa vimeila. Kidude cha volyumu kilianza kukwaruza. Ukikizungusha unasikia kama mtu anakaanga bisi, halafu sauti inapotea kabisa, halafu inarudi kwa kishindo mpaka kuku wanaruka.

Kutengeneza nilifundishwa na Owino mwenyewe. Nilikuwa na mimba ya Akinyi, nakalia ndoo iliyofunikwa kichwa chini, nashika tochi, yeye anafungua mashine za watu. Fizikia niliisoma mpaka kidato cha nne, lakini darasani hatukufundishwa kusalimia mashine. Yeye alikuwa anasalimia. Kila amplifaya ya zamani, kabla hajaigusa, anainama mbele yake na adabu zote: "Shikamoo, mzee." Kisha anawasha, spika zinapiga tup! Anacheka, ananigeukia: "Umesikia? Amesema marahaba." Isipopiga tup, anasema mzee amenuna, tukaangalie fyuzi. Skrubu anazibana zote shavuni upande mmoja, na anaongea nazo hivyo hivyo kama mtu mwenye jino bovu.

Alikuwa na utaratibu wake, na ukiuvunja anakasirika. Dawa ya kupuliza, ile ya kusafishia, ni ya mwisho. Kwanza unasikiliza. Unachomoa maiki, unawasha, unazungusha volyumu. Ikikwaruza bila maiki, ugonjwa uko kwenye volyumu. Ikinyamaza, usiisingizie, kaangalie waya wa maiki na tundu lake, maana kutu ya tunduni inaigiza sauti ya volyumu mbovu. Halafu unazima, unazungusha mwanzo mpaka mwisho, tena na tena, kama unasugua sufuria, uchafu mwepesi utaondoka wenyewe. Ile swichi ndogo ya besi nayo unaitelezesha huku na huku. Ndipo upulize dawa, kidogo tu. Kisha kuna maneno aliyapenda sana. Alisema, "Uchafu unahama. Leo unakwaruza hapa, kesho pale. Palipolika hapahami. Sauti ikikatika mahali palepale kila siku, usihangaike na dawa, ule mkaa wa ndani unaopitisha sauti umekwisha."

Nikimkumbuka simkumbuki kanisani wala kwenye picha ya harusi. Namkumbuka hivyo, ameinama, shavu limevimba skrubu.

Basi siku hiyo nilikuwa kwenye mwalo mmoja upande wa Igombe, natangaza mkutano wa injili. Akinyi, ambaye sasa alikuwa na miaka mitatu, nilikuwa naye, kwa sababu dada yangu ninayemwachiaga alikuwa amekwenda Kisesa kwa wazazi. Nimemkalisha kiti cha mbele na kipande cha muwa, anatafuna, anatema makapi dirishani. Nami natangaza: "Njooni wote! Wagonjwa wata..." Kimya. "Walemavu wata..." Kimya. Halafu kishindo: "KARIBUNI SANA!"

Mwalo mzima ulicheka. Mama Kulwa, mama wa mapacha anayeanika dagaa pale, akanipigia kelele kutoka kwenye chanja zake.

"We Mama Akinyi! Hilo gari lina kifua kikuu au nini?"

"Lina pumu, Mama Kulwa. Njoo uliombee."

"Mimi siombei magari. Naombea wanawake wabishi."

"Basi anza na wewe mwenyewe, uongo?"

Akacheka mpaka akashika kiuno. Nami nikacheka kwa mdomo tu, nikaenda nyuma, nikafungua buti, nikaivuta amplifaya, nikachukua kopo la dawa na kupuliza moja kwa moja ndani ya volyumu. Sikusikiliza, sikuchomoa chochote. Hasira haina utaratibu. Nikazungusha. Bado inakatika.

"Habari za kazi, dada."

Nyuma yangu alikuwa amesimama mwanaume. Kucha zake ninaweza kukueleza, zilikuwa safi mno kwa mtu wa mwaloni. Shati ninaweza kukueleza, la mikono mirefu, limefungwa vifungo mpaka shingoni na joto lile. Sura siwezi. Niamini, nilimtazama usoni si mara moja, lakini kila nikiondoa macho ile sura inafutika, nabaki na shati. Hakuwa na sura ya Owino. Hilo nina uhakika nalo, kwa sababu ile ningeijua hata gizani.

"Kazi si unaiona," nikasema.

"Hili ndilo gari la matangazo?"

"Hapana, ni ambulansi."

Alitabasamu, nafikiri. "Nimepotelewa, dada. Nataka unitangazie."

"Subiri basi, mashine imekufa. Au nenda mjini katafute gari lingine."

"Umepuliza dawa kabla ya kusikiliza," akasema. "Naisikia harufu."

Nikajiambia mafundi wote hufundishana. "Kwani wewe ni fundi?"

Akafikiri. Alifikiri kweli, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. "Nafikiri."

"Unafikiri? Mtu hajui kama ni fundi?"

"Nimekaa muda mrefu bila kazi, dada."

Nikaizima amplifaya, nikasogea pembeni. Sijui kwa nini nilisogea, mimi simwachii mtu vifaa vyangu. Alichukua bisibisi bila kuitafuta, kana kwamba alijua inakaa chini ya gurudumu la akiba. Kisha akaunganisha viganja vyake mbele, akainama kwenye buti lile chafu, akasema polepole:

"Shikamoo, mzee."

Akawasha. Tup!

Akacheka, akanigeukia. Niambie wewe unayejua kuniambia nilipigwa na jua: wewe ungefanyaje? Nilitaka kumrukia na kumpiga. Nilitaka kumnusa shingoni. Yote mawili kwa wakati mmoja, na mikono ikakataa yote mawili.

"Nani kakufundisha hivyo?" nikamuuliza.

"Sijui. Mikono ndiyo inajua."

Alifungua mfuniko, skrubu akazitupia shavuni. Akachomoa maiki, akazungusha volyumu, akafumba macho. Ilikwaruza kidogo mwanzoni, ikakwaruza mwishoni, na katikati ikakatika. Akazima. Akasugua mwanzo mpaka mwisho, tena na tena. Akawasha. Ile mikwaruzo ilikuwa imekwisha, lakini katikati palepale sauti ikakatika.

"Uchafu umeondoka," akasema na skrubu zake mdomoni. "Uchafu unahama. Hapa katikati hapahami, pamelika. Ulikuwa unaweka sauti hapa hapa kila siku?"

"Kila siku," nikasema.

"Ndiyo maana. Lakini tazama. Volyumu hii ina njia mbili ndani yake, ya kushoto na ya kulia, kwa ajili ya watu wa muziki. Wewe wa matangazo unatumia ya kushoto tu. Ya kulia haijaguswa tangu izaliwe."

Akahamisha plagi ya maiki kutoka tundu la kushoto kwenda la kulia, na nyaya za spika vilevile. Kitu kidogo hivyo! Muda wote huo sikuwahi kukifikiria. Akanipa maiki. "Jaribu."

"Moja, mbili," nikasema. Sauti ilitoka safi, laini, ikaenda mpaka kwenye mitumbwi.

Akatikisa kichwa. "Hivyo sivyo unavyojaribu. Mimi nilikuwa mbali, nikasikia mtu anajaribu maiki kwa kuita jina. Nikaifuata hiyo sauti."

Hapa nikuambie jambo ambalo nilidhani ni mchezo wangu tu. Moja mbili sikuwa nasema mimi. Kila nikifika ziwani, kabla ya tangazo la mtu yeyote, nageuza gari spika zitazame maji, najaribu hivi: "Owino! Owino, mjinga wewe, rudi nyumbani!" Wavuvi walizoea, wakawa wanacheka, wengine wananijibu, "Anakuja, shemeji, anavaa viatu!" Ilinipunguzia kifua. Nani angedhani maji yana masikio?

"Jina gani ulilisikia?" nikamuuliza.

"Ndilo tatizo. Lilikuwa linakwaruza. Linaanza, linakatika katikati, nasikia mwisho wake tu. Sikuweza kujua ni langu au la mwingine." Akagusa amplifaya kwa kiganja. "Sasa imetengemaa. Likiitwa tena, nitasikia lote."

Unaelewa alichokuwa ananiambia? Maiki ilikuwa mkononi mwangu. Imewashwa, safi. Neno moja tu, jina lake, na angejijua.

Nikasema, "Tangaza unachotangaza. Umepotelewa na nani?"

"Mke wangu. Na mtoto."

"Wakoje?"

"Mke ni mwembamba," akasema, na sauti yake ikapata joto kwa mara ya kwanza. "Mcheshi sana. Mtu wa kucheka. Akicheka anajifunika mdomo kwa kanga. Na ana kovu la mafuta ya moto hapa, aliungua akikaanga vitumbua." Akapitisha kidole kwenye mkono wake wa kulia, chini ya kiwiko.

Mkono wangu wa kulia ndio ulioshika maiki. Nilivaa fulana. Kovu lile lilikuwa wazi mbele ya macho yake, karibu kiasi kwamba angelipuliza vumbi. Akalitazama, akaliacha, akatazama ziwa.

Mcheshi! Mtu wa kucheka! Tangu lini? Nilitaka kumwambia, tazama vizuri, kipofu wewe, umeniacha na gari bovu na mtoto na ndugu zako, nimekuwa na mikono ya dereva wa lori, nimenenepa kwa viazi vya barabarani, nani atacheka? Ni mimi! Ni mimi, na kanga nimeifungia mtoto! Yale maneno yangu yote niliyoyapanga, hata moja sikulisema.

"Na mtoto?" nikasema.

"Wa kike. Mdogo, hata kukaa bado."

Akinyi alikuwa amechoka kukaa peke yake. Alipanda juu ya kiti, akachungulia kwetu kutoka ndani, muwa mdomoni. Yule mwanaume akamwona. Akamtabasamia.

"Mwanao, dada?"

"Wangu."

"Ana meno mazuri. Wa kwangu bado hajaota."

Nililia pale? Hapana. Nilishika mlango wa buti nikaushika sana.

"Nikiwatangaza, niwaambie nini?" nikamuuliza. "Waje wapi?"

"Waje hapa hapa majini. Waambie nimewaandalia mahali," akasema. Alisema kwa furaha, kama mtu aliyemaliza kuezeka nyumba. "Pametulia, hakuna vumbi. Na maji yapo, dada. Mke wangu alikuwa ananung'unika kila siku kuhusu maji, bomba linatoka mara moja kwa wiki, anapanda milima na ndoo. Mwambie hatateka tena. Maji yapo kila mahali."

Ndipo nilipopata baridi kwenye jua lile. Mpaka hapo nilikuwa nafikiria kumpata tu. Sikuwa nimefikiria anatupeleka wapi.

Nikatangaza. Ndiyo, nilitangaza, usiniulize kwa nini. Alikuwa mteja, na mtu akipotelewa lazima atangaziwe, hiyo ndiyo kazi aliyoniachia. Nikasimama kando ya gari, nikasema kwa sauti ambayo haikukwaruza hata kidogo:

"Tangazo. Tangazo. Anatafutwa mama mmoja, mwembamba, mcheshi, ana kovu la mafuta kwenye mkono wa kulia. Yuko na mtoto wa kike, mchanga. Mume wake anamtafuta. Anasema amemwandalia mahali. Anasema hatateka maji tena. Yeyote aliyemwona mama huyo, tafadhali amwambie... amwambie anatafutwa."

Wavuvi hawakucheka. Mama Kulwa alisimama na ungo wake mkononi, ananitazama mimi, anatazama mkono wangu.

Yule mwanaume alisubiri. Ulishamwona mtu aliyepotelewa na mtoto anavyosubiri baada ya tangazo? Anageuza kichwa huku na huku, kila mtu anayepita anaona ndiye. Alisubiri hivyo hivyo, macho yakipita juu yangu kama napita njia.

"Mama," Akinyi akaniita kutoka ndani ya gari. "Mama, huyo nani?"

Akageuka kusikiliza jibu. Nakuapia, aligeuka, na nikamwona anataka kujua kuliko mtoto. Maiki bado ilikuwa mdomoni mwangu, imewashwa. Neno lolote ningesema, spika zingelisema mpaka kisiwani.

Nikasema, "Ni fundi."

Spika zikarudia: ni fundi.

"Ehe," akasema polepole. "Ni fundi." Akazitoa skrubu shavuni, akazifunga zote mahali pake bila haraka, akaifuta amplifaya kwa mkono wa shati. "Hawajasikia. Nitajaribu mwalo wa mbele. Asante sana, dada. Mungu akutunzie mtoto."

Dada! Akaniita dada mpaka mwisho!

Akaondoka kando ya maji. Alipita katikati ya dagaa wa Mama Kulwa waliokosa nafasi kwenye chanja wakamwagwa mchangani, na Mama Kulwa ambaye hata mbwa hampiti akapiga kelele: "We kaka! Dagaa wangu hao, huna macho?" Hakugeuka. Alipofika kwenye mawe makubwa akapita nyuma yake. Nilisubiri atokee upande wa pili. Hakutokea.

Mama Kulwa alikwenda kukagua hasara yake. Aliinama, akainama tena, akapiga magoti. Hakuna dagaa hata mmoja aliyekanyagwa. Akaja kwangu mbio, na yule mama si mtu wa kukimbia.

"Mama Akinyi, mama uliyemtangaza si ni wewe?"

"Nyamaza, Mama Kulwa."

"Nimenyamaza. Mchukue mtoto. Usiende Buzuruga, nenda kwa mama mkwe wako mkamalize msiba. Leo hii. Na usigeuze spika huko majini tena, mwanangu, nakuomba."

Nilikwenda Rorya. Niliendesha bila redio, Akinyi amelala. Mama mkwe alinipokea mlangoni, nami nilidhani nitaanza na samahani, lakini nilianza na kisa. Hakushangaa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Alikuwa amekonda?"

"Sura haikunikaa kichwani, mama."

Hapo ndipo tulipolia, mimi na yeye, kwa mara ya kwanza tangu mtumbwi ule.

Kwao Wajaluo mwili ukikosekana wanazika tunda la mwegea, lile refu, nene, linaloning'inia kwenye kamba yake. Zamani ningewacheka. Walilileta, wakalifunga kwenye shati lake, wakachimba kaburi la urefu wa mtu. Niliwaomba nilibebe mimi. Lina uzito, usidhani. Lina uzito wa mtoto ambaye hajaota meno. Nilitupia udongo, nikamwambia kwa sauti, watu wote wakisikia, bila maiki: "Owino, umekufa. Ulikalia boya, ukafa. Mkeo nimezeeka kidogo, na mtoto ana meno. Usitutafute." Wazee walitazamana, lakini mama mkwe akasema, "Mwacheni amwambie. Hakuna aliyewahi kumwambia."

Tangu siku hiyo hajaja. Sauti ya gari ni safi, haijakatika tena. Natangaza misiba, natangaza watoto waliopotea, na wakipatikana nafurahi na wazazi wao. Kila mtu ananipongeza kwamba sasa nimepoa. Sijapoa. Mwanzoni nilikuwa na hasira na mtu aliyechelewa kurudi. Sasa nina hasira na mtu aliyerudi, akasimama karibu nami, nikamwacha aende zake, na nilifanya sawa, na ningefanya hivyo tena kwa ajili ya Akinyi, na kila nikipita mwalo ule napunguza mwendo. Wakati mwingine jioni najitazama kwenye kioo cha gari namtafuta huyo mwanamke mwembamba mwenye kucheka. Owino alikuwa na haki ya kumtangaza mwanamke huyo. Amepotea kweli.

Basi wewe unayesoma, na una mtu wako aliyekwenda na maji au na njia, na umekataa msiba kama mimi kwa sababu hujaona mwili, sikuhukumu. Lakini mzike. Zika tunda, zika shati, zika viatu vyake, umwambie wazi kwamba amekufa. Usingoje mpaka siku ile atakapokuja mwenyewe, mchana kweupe, asimame mbele yako na adabu zote, akuulize kama umemwona mke wake.